Petra kwa miguu kwa siku moja: mwongozo kamili

Petra inakudanganya mapema. Kutoka langoni njia yote inateremka, asubuhi kuna kaubaridi, korongo lina kivuli, na miguu inakwenda yenyewe. Ikifika saa 9 alasiri ndipo unapokumbuka kwamba kila ulichoteremka sasa ni cha kupanda, na chupa ni tupu. Mara ya kwanza niliingia na chupa moja ya lita moja na nusu, na raba ambazo soli yake ilikuwa imelika hadi laini. Nilitoka nikishikilia ukuta wa korongo kama mgonjwa. Mara ya pili nilijipanga, na mwongozo huu ni wa mpango ule wa pili.

Kwa ufupi, kwa asiyepajua: Petra ilikuwa mji mkuu wa Wanabatea, Waarabu waliotajirika kwa misafara ya ngamia iliyobeba ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabia. Ubani wa Dhofar, Oman, ambao pwani yetu bado tunaufukiza chetezoni, ndio uliolipia sehemu kubwa ya kuta utakazoziona. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana na mfalme wake bila kujua. Yule Areta ambaye liwali wake alitaka kumkamata Paulo huko Dameski ni Areta wa Nne, aliyetawala kuanzia mwaka 9 KK hadi 40 BK. Warumi waliutwaa ufalme huo mwaka 106, na tetemeko la mwaka 363 likaangusha sehemu kubwa ya mji. Mwaka 1985 UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia.

Mahali penyewe ni kusini mwa Yordani, kwenye mji mdogo wa Wadi Musa, yapata kilomita 240 kutoka Amman na 125 kutoka Aqaba. Saa ya Yordani ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima, kwa hiyo saa zote ninazotaja hapa zihesabu kama ulivyozoea.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua pa kulala

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na mwisho wa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na mawe yanarudisha moto usoni. Januari ni kinyume chake: Petra iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inakaribia kugandisha, na kuna miaka theluji huanguka. Mtu wa pwani akisikia "jangwa" anafunga fulana tupu. Usifanye hivyo.

Lala Wadi Musa usiku wa kuamkia siku yako. Hili sitalipunguza makali. Basi la watalii linaloondoka Amman saa 12 na nusu asubuhi linakufikisha karibu saa 4, wakati jua limeshapanda na makundi ya mabasi yote yameshajaa korongoni. Ukilala pale, saa 12 asubuhi lango linapofunguliwa uko mlangoni, na saa mbili zinazofuata ndizo bora za siku nzima.

Hatua ya 2: Tiketi na pesa

Kwa mgeni anayelala Yordani, tiketi ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili na 60 kwa tatu. Anayeingia nchini na kwenda Petra bila kulala hulipa 90. Dinari imefungwa kwa dola, moja ni kama dola 1.41, kwa hiyo hizo 50 ni dola 70 na ushei. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi. Nenda na pasipoti yako, itaulizwa dirishani.

Ushauri wangu ni kununua ya siku mbili hata kama mpango ni wa siku moja. Hizo dinari 5 za ziada ni bima: mvua ikinyesha na njia zikafungwa, au goti likikataa saa 5 asubuhi, kesho unarudi bila kulipa upya.

Ukikaa Yordani angalau usiku tatu, tazama pasi ya watalii inayoitwa Jordan Pass, ya dinari 70 hadi 80 kulingana na siku za Petra. Ndani yake mna kiingilio cha Petra na maeneo mengine mengi, na inakusamehe ada ya viza ya dinari 40 ukiinunua kabla ya kufika. Lakini kuwa na pasi si kuwa na viza. Uliza ubalozi kwanza kama raia wa nchi yako anapewa viza uwanja wa ndege au ni lazima aombe akiwa nyumbani.

Beba noti ndogo: za dinari 1 na 5. Ndani ya magofu, chai, choo cha dharura, bakshishi, vyote vinakwenda kwa noti ndogo, na chenji huwa "haipo".

Hatua ya 3: Mfuko wa mgongoni

Maji lita 3 kwa kila mtu, lita 4 kiangazi. Ndiyo, ni mazito, lakini uzito huo unapungua kila saa. Ndani wanauza maji, ila bei inapanda kadiri unavyokwenda mbali na lango. Chukua na pakiti mbili za ORS kutoka duka la dawa, kwa sababu anayetoka jasho kwa muda wa saa nane akinywa maji matupu bila chumvi huishia na kichwa kizito na kichefuchefu.

Chakula: mkate wa bapa, mayai ya kuchemsha, tende, ndizi. Chokoleti itayeyuka.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yako. Jiwe la mchanga lililokanyagwa na mamilioni ya nyayo limekuwa kama sabuni, na juu yake kuna unga wa mchanga. Vaa raba au buti lenye soli ya meno, ambalo umeshalitembelea wiki mbili. Kiatu kipya kinatoa malengelenge kabla hujafika kwenye kaburi la kwanza.

Shati jepesi la mikono mirefu, kofia pana, miwani, mafuta ya jua. Na kwa msomaji wa kwetu: beba kanga. Utajifunika kichwa, utailowesha na kuizungusha shingoni, utaikalia, utaswalia juu yake, na vumbi likivuma utaziba pua. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya kazi tano kwa uzito huo.

Hatua ya 4: Saa 12 hadi saa 2, kuingia

Kutoka langoni unatembea karibu kilomita moja kwenye njia ya wazi iitwayo Bab as-Siq. Upande wa kulia utaona mawe makubwa ya mraba ambayo wenyeji huyaita mawe ya majini, yaani mapepo, na kushoto kaburi lenye minara minne iliyochongwa juu yake. Yatupie jicho upite.

Kisha unaingia Siq, korongo la kilomita 1.2, mahali pengine lenye upana wa mita tatu tu na kuta za makumi ya mita kila upande. Wengi hulipita mbio wakikimbilia kilichoko mwisho wake. Mimi nakusihi upunguze mwendo, kwa kuwa siri ya mji mzima iko humu. Tazama chini ya kuta, usawa wa kiuno: mfereji uliochongwa kwenye mwamba unakufuata njia nzima, na ukuta wa pili ulibeba mabomba ya udongo wa kuchoma, yaliyochomekwa moja ndani ya jingine. Vipande vyake bado vipo. Hayo ndiyo maji ya kunywa ya mji uliojengwa mahali pasipo na mto. Walileta maji ya chemchemi, wakakinga na mvua ya siku chache, wakaituliza kwa mabwawa, wakaihifadhi kwenye visima vya mwambani. Bila mabomba hayo hakuna mfalme, hakuna makaburi, hakuna watalii.

Kabla hujafika mwisho kuna sanamu zilizolika za msafara: miguu ya mtu, upindo wa vazi lake, na nyayo za ngamia. Vichwa vimekwenda na mafuriko. Wengi hupita bila kuziona kwa sababu wanatazama juu.

Halafu ufa unafunguka, na mbele yako ni Khazneh. Neno ni lile lile letu, hazina. Wabedui waliamini kuna dhahabu ndani ya mtungi wa jiwe ulioko kileleni, wakaupiga risasi ili upasuke. Alama zake unaziona hadi leo. Mtungi ni jiwe tupu. Jengo lenyewe ni kaburi, na wataalamu wengi wanalihusisha na yule Areta. Lina kimo cha karibu mita 40 na lilichongwa kuanzia juu kushuka chini, kwa hiyo aliyekosea kipimo cha paa hakuwa na pa kurekebishia. Ndani haparuhusiwi kuingia. Mwaka 2024 waliochimba chini ya uwanda wake walikuta kaburi lenye mifupa ya watu 12, kwa hiyo ujue umesimama juu ya nini unapopiga picha.

Jua kamili huligonga kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Usilisubiri. Ukimya wa saa 1 asubuhi una thamani kuliko picha yenye mwanga na migongo ya watu mia nne.

Hatua ya 5: Chagua mlima mmoja

Hapa ndipo watu wanapoharibu siku. Kuna milima miwili ya maana, na siku moja inatosha mmoja. Vijana wenye mapafu wanafanya yote miwili majira ya baridi. Kiangazi ni kujitafutia ugonjwa.

*Deir, jengo lililochongwa juu mlimani.* Kwa anayekuja mara ya kwanza na huenda asirudi, huu ndio wangu. Kutoka Khazneh pita Mtaa wa Makaburi na ukumbi wa maonyesho uliochongwa mlimani bila kusimama sana, fuata barabara ya nguzo hadi hekalu la Qasr al-Bint. Hapo kuna vyoo na mkahawa. Ingia chooni, usitegemee choo huko juu. Ngazi ni kama 800, za mwambani, zisizolingana, na zinachukua dakika 45 hadi saa nzima. Panda kwa mwendo wa mzee: pumzi ikikata, simama, hakuna anayekuhesabia. Ukianza saa 2 na robo unafika juu kabla joto halijakaza. Ukweli ni kwamba uso wa Deir unatazama magharibi na hupendeza zaidi alasiri, kwa hiyo asubuhi utaupata kivulini. Nimekubali hasara hiyo ya picha, kwani kuzipanda ngazi zile baada ya saa tano za jua ni adhabu.

Jengo ni kubwa kuliko Khazneh, upana na kimo vyote vinakaribia mita 50, na mapambo machache zaidi. Jina lake maana yake ni nyumba ya watawa, kwa kuwa baadaye Wakristo walilitumia na wakachonga misalaba ndani. Mbele yake wanauza chai ya tangawizi au yenye majani ya maramiya. Kaa, vua viatu, kunywa. Kisha tembea dakika kumi zaidi hadi kwenye ukingo, ambako nchi inaporomoka kuelekea bonde la Wadi Araba. Kutoka huko utaona kuba jeupe kwenye kilele cha mbali: ndipo wenyeji wanapoamini kaburi la Nabii Haruni lipo. Mwaka 1812 Mswisi Johann Ludwig Burckhardt alijifanya Mwislamu mwenye nadhiri ya kuchinja mbuzi kwa ajili ya Haruni, ili tu mwongozaji wake akubali kumpitisha humu. Mji "uligunduliwa" kwa uongo wa mbuzi, ingawa Wabedui walikuwa wakiishi ndani yake siku zote.

*Madhbah, mahali pa sadaka.* Ngazi zake zinaanzia karibu na ukumbi wa maonyesho, upande wa kushoto, na kupanda ni kama dakika 40. Juu kuna madhabahu yenye mfereji wa damu, na minara miwili ya mawe yenye kimo cha zaidi ya mita sita. Minara hiyo haikusimamishwa na mtu. Walichonga kilele chote cha mlima kikashuka, wakaibakiza hiyo miwili imesimama. Nilikaa nusu saa nikijaribu kupiga hesabu ya mawe yaliyoondolewa. Usirudie njia ile ile. Teremka upande wa pili kupitia Wadi Farasa, penye simba aliyechongwa ukutani ambaye maji yalikuwa yakimtoka mdomoni, na ukumbi wa karamu wenye rangi za mwamba kama kitambaa cha batiki. Njia hiyo ina watu wachache, na mimi binafsi ndiyo ninayoiota.

Hatua ya 6: Saa 5 hadi saa 9, pumzika kisha zunguka chini

Ukishuka Deir saa 5 na nusu, tafuta kivuli karibu na Qasr al-Bint, ule, ulale kidogo. Usione aibu. Kuanzia saa 6 hadi saa 8 kasoro jua si lako.

Baadaye rudi polepole kwenye barabara ya nguzo. Panda hadi kanisa la zama za Bizanti lenye paa la kisasa la kinga: sakafu zake za vijiwe vya rangi zina ndege, samaki na wanyama, na mwaka 1993 humo zilipatikana hati za mafunjo zilizoungua, ambazo wasomi waliweza kuzisoma hata hivyo. Mwishowe nenda Makaburi ya Kifalme. Nayo yanatazama magharibi, kwa hiyo yaache hadi saa 8 na nusu, mwanga unapoanza kuyatia rangi ya kutu na asali. Ingia Kaburi la Mtungi, lililogeuzwa kanisa katika karne ya 5, utazame dari: mistari ya mwamba myekundu, ya zambarau na myeupe, ambayo hakuna mchoraji aliyeigusa.

Hatua ya 7: Watu, wanyama na maneno mawili ya Kiarabu

Wauzaji utakaowakuta wengi ni Wabdul, ambao familia zao ziliishi kwenye mapango haya hadi walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun mwaka 1985. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwao. Salamu ya "salaam aleikum" unayo tayari, na kukataa ni "la, shukran" kwa tabasamu, mara moja, bila kusimama. Ukisimama umeanza biashara. Sarafu na vigae vya "kale" usinunue: kuvitoa nchini ni kosa, na vingi ni vya juzi.

Farasi kutoka langoni hadi mwanzo wa Siq amelipiwa ndani ya tiketi, lakini anayemwongoza anategemea bakshishi. Kubalianeni kiasi kabla hujapanda. Punda wa kupandia Deir mwache. Ngazi ni kali kwake na ukingo ni karibu kwako. Mwenye mzee au mwenye goti bovu achukue gari dogo la umeme hadi Khazneh, na aagize la kurudi papo hapo.

Mbele ya Khazneh kijana atakuita upande ukuta wa kushoto "kwa picha ya juu". Kata shauri mapema: hapana. Njia ile haina ulinzi na watu huanguka. Ukitaka kuiona Khazneh kutoka juu, njia halali ni ngazi za mlima wa Khubtha zinazoanzia Makaburi ya Kifalme. Huchukua karibu saa moja kupanda, na huo uhesabu kuwa ndio mlima wako wa siku.

Hatua ya 8: Mvua

Siq ni mfereji wa mafuriko uliogeuzwa barabara. Wanabatea walijua hilo, wakajenga bwawa mlangoni na kuchimba njia ya chini ya mlima ili maji yageuzwe upande mwingine. Kazi yao ilipoharibika bila kutengenezwa, ikaua: Aprili 1963 maji yaliwakuta watalii Wafaransa zaidi ya ishirini ndani ya korongo wakafa. Bwawa lilijengwa upya, lakini Novemba 2018 mafuriko yalilazimu maelfu ya wageni waondolewe. Angalia utabiri wa siku hiyo, na si wa Petra pekee, kwa maana maji hutoka kwenye milima ya juu, mbali na macho yako. Ukisikia tangazo au ukaona maji ya tope yakianza kutiririka, panda juu pale ulipo. Usijaribu kukimbia kutoka kupitia Siq.

Hatua ya 9: Kurudi

Anza kutoka Makaburi ya Kifalme saa 9 na robo alasiri. Kiangazi lango hufungwa jioni kabisa, lakini majira ya baridi wanaanza kuwatoa watu saa 10, kwa hiyo miezi hiyo anza kurudi saa moja mapema zaidi. Tenga saa moja na robo kwa njia hii. Inapanda zaidi ya mita 100, na kilomita ya mwisho, ile ya Bab as-Siq, haina kivuli hata kidogo.

Kabla ya kuingia Siq kaa kwenye benchi mbele ya Khazneh, koroga pakiti ya pili ya ORS kwenye nusu lita uliyoificha tangu asubuhi, unywe yote. Ukihisi kizunguzungu, jasho limekauka ghafla au kichwa kinagonga, lala kivulini, lowesha kanga uiweke shingoni, na umwambie mlinzi yeyote. Wapo njia nzima. Kama uko sawa, ingia korongoni, ushike ukuta wenye mfereji, na safari hii utazame upande ambao asubuhi ulikuwa mgongoni kwako. Mimi wale ngamia wasio na vichwa niliwaona wakati wa kurudi.